Karafuu za Kidichi, msimu wa giza

Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi hadi Machi 2010. Kisiwa kilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mimi nilikuwa likizo kwetu Kidichi, nasoma fizikia. Nyumba yetu haikuwa mbali na hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi.

Uani palikuwa na majamvi ya karafuu. Kila asubuhi babu huchukua chache akazivunja kwa kidole gumba: mbichi hupinda, kavu hukatika kwa mlio.

Nami nilikuwa na kipimo cha betri nilichoazimwa chuoni, kinachopitisha umeme wa kwenda na kurudi mara 100, 1,000, 10,000 au 100,000 kwa sekunde. Nikajaza karafuu kwenye kikopo cha plastiki, bati moja chini, jengine juu.

Karafuu mbichi zilipitisha umeme vizuri, na kubadili kasi hakukuleta tofauti kubwa. Zilizokauka, kwenye 100 zilikaribia kuuzuia kabisa. Kila nilipopandisha kasi, zikaupitisha zaidi.

"Mjukuu wangu, kidude hicho kinakwambia nini?"

"Maji yalikobaki, babu."

Umeme ndani ya karafuu hubebwa na chumvi zilizoyeyuka majini. Karafuu ikiwa mbichi, maji yameungana na njia iko wazi mwanzo hadi mwisho. Ikikauka, hubaki vidimbwi vilivyotengana. Umeme wa polepole hukwama ukingoni. Wa kasi hugeuka kabla haujafika ukingo, hivyo hata mwendo mfupi ndani ya kidimbwi huhesabiwa.

Mwaka 1977, Andrew Jonscher wa Chuo cha Chelsea, London, alionyesha katika jarida la Nature kuwa vitu vingi visivyofanana hufuata mtindo huo. Kanuni yake ina sehemu mbili: kiasi kisichobadilika, ukijumlisha na kinachokua kadiri kasi inavyopanda, kwa kipeo kilicho chini ya 1. Nilichora namba zangu kwa mwanga wa kandili. Siku baada ya siku ile sehemu ya kwanza ilipungua, na ilipokaribia kutoweka babu akaamuru karafuu zitiwe magunia.

Kidole chake na mchoro wangu viligundua jambo lilelile: njia za maji zimekatika. Tangu hapo sikubali kipimo cha kasi moja tu. Kitu kinachozuia umeme wa polepole huweza kuupitisha wa kasi, na tofauti hiyo ndiyo inayotueleza kilichomo ndani.