Kipofu wa Kuba alivyomrudisha baba barazani

Mpenzi msomaji, huenda nyumbani kwenu pia yupo mzee ambaye siku hizi hasemi sana. Watoto huingia na kutoka, televisheni huwashwa na kuzimwa, naye yuko pale pale kwenye kiti chake. Akiulizwa jambo hujibu "sawa" au "haya", kisha hunyamaza. Nakuomba unisikilize kidogo leo, kwa maana mimi nilikuwa na mzee kama huyo mjini Embu, na kilichomwinua hakikuwa kile nilichokitarajia.

Baba yangu ni fundi wa nguo. Kwa zaidi ya miaka hamsini alikaa na cherehani yake kwenye baraza ya duka moja karibu na soko la Embu, akishona sare za shule, suruali za walimu na magauni ya akina mama wa kwaya. Wateja walimjia kutoka Manyatta, Runyenjes na hata Siakago. Sisi watoto wake wote tulilipiwa karo kwa uzi na sindano.

Kisha macho yakaanza kumdanganya. Kwanza alilaumu taa, halafu uzi, halafu sindano "za siku hizi". Siku moja mama mmoja alirudisha sare ya mtoto wake: mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa mahali pa mkono wa kushoto. Baba alimrejeshea pesa zake zote, akaifunika cherehani kwa shuka, akaenda nyumbani.

Tulipompeleka hospitalini tuliambiwa ni glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu huuita presha ya macho. Daktari alitueleza ukweli bila kuzunguka. Neva inayopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo ilikuwa imeharibika, na uwezo wa kuona uliopotea kwa njia hiyo haurudi kwa miwani wala kwa upasuaji. Dawa ya matone ingesaidia kulinda kile kidogo kilichobaki, basi.

Tangu siku hiyo baba aliishi kwenye kile kiti. Mama alipotupigia simu alikuwa akisema, "Amekula. Amelala," kana kwamba anatupa habari za mtoto mchanga. Mimi hufanya kazi Nairobi. Kila mwisho wa mwezi nilipanda matatu, nikapita Thika na mashamba ya mpunga ya Mwea, nikafika Embu na sukari, mkate na chupa za dawa. Nilikaa naye saa mbili au tatu bila kuwa na la kumwambia. Nitakiri mbele yako msomaji: saa ya kurudi Nairobi ilipofika, nilifurahi.

Desemba moja nilikwenda pamoja na binti yangu, ambaye ni mwanafunzi. Alikuwa ameagizwa na mwalimu wake aandike habari za mtu mashuhuri katika utamaduni wa Afrika Mashariki. Alikuwa akipitia nyimbo za zamani kwenye simu, mara akaniuliza, "Baba, Salum Abdallah alikuwa nani?"

Nikamjibu kwa ujasiri wa mtu asiyejua kitu kwamba alikuwa mwimbaji wa taarab kutoka Mombasa.

Sauti ikatoka kwenye kile kiti: "Si wa Mombasa. Ni wa Morogoro. Wala si taarab. Huyo ni Cuban Marimba."

Tuligeuka sote. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyokuwa ameyasema kwa mwezi mzima. Binti yangu, ambaye ana akili kunishinda, hakushangaa. Alivuta kigoda, akafungua daftari lake, akasema, "Babu, nieleze."

Naye akaeleza. Salum Abdallah alianzisha bendi yake mjini Morogoro mwishoni mwa miaka ya 1940, na baadaye ikajulikana kila mahali kwa jina la Cuban Marimba. Nyimbo zake za Kiswahili zilivuka mpaka zikaingia Kenya kwa redio na kwa santuri. Kisha, mwaka 1965, aliuawa na ajali ya barabarani wakati nyota yake ikiwa juu kabisa. Baba aliukumbuka mwaka huo kwa sababu alikuwa kijana anayejifunza kushona, na fundi wake mkuu alisimamisha cherehani siku ile habari zilipofika. Bendi ilichukuliwa na Juma Kilaza, ikaendelea. Lakini mzee alisema sauti ya Salum haikurudi.

"Lakini babu," binti yangu akauliza, "mtu wa Morogoro ana uhusiano gani na Kuba?"

Hapo mzee alikwama, nami nikapata kazi. Niliporudi Nairobi nilianza kutafuta habari hizo jioni baada ya jioni, kwanza kwa ajili ya daftari la mtoto, baadaye kwa ajili yangu mwenyewe. Niliyoyapata yalinistaajabisha, na huenda yatakustaajabisha wewe pia.

Mwaka 1933 kampuni moja ya santuri ya Uingereza ilianza kuuza barani Afrika santuri zenye herufi GV, na nyingi zilikuwa za wanamuziki wa Kuba. Kulikuwa na wimbo "El Manisero" wa Moisés Simons, unaohusu mwuza njugu anayewaita wateja mtaani, kama hawa wetu wa kituo cha matatu. Kulikuwa na Trio Matamoros, watu watatu waliokutana katika mji wa Santiago mwaka 1925. Kiongozi wao, Miguel Matamoros, alikuwa amefanya kazi ya udereva kabla ya gitaa kumpa riziki. Watu wetu hawakuelewa hata neno moja la Kihispania. Lakini ngoma waliielewa, na haikuwa ajabu. Mamia ya maelfu ya Waafrika walipelekwa Kuba kama watumwa, wengi wao kutoka nchi za Kongo, na utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1886 tu. Ngoma iliyovuka bahari ndani ya meli za watumwa ilikuwa imerudi ndani ya santuri.

Santuri hizo ndizo zilizomshika Salum Abdallah kule Morogoro. Ndizo zilizowashika vijana wa Kongo pia, na mwaka 1960 Joseph Kabasele akaimba "Indépendance Cha Cha" kuusherehekea uhuru wa nchi yake. Mtindo wa chacha wenyewe ulianzishwa Havana na mpiga fidla aitwaye Enrique Jorrín, miaka michache tu kabla ya hapo. Baba anasema Desemba 1963, uhuru wetu ulipofika, alicheza chacha mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Hakujua jina la Jorrín. Nani alijua?

Katika kutafuta huko nilikutana na maisha ya mtu mmoja ambayo niliyasoma mara mbili, halafu nikazima taa nikakaa gizani.

Jina lake Arsenio Rodríguez. Alizaliwa mwaka 1911 katika mkoa wa Matanzas, nchini Kuba, katika ukoo uliotokana na watumwa wa Kongo. Alipokuwa na miaka kama saba hivi, mnyama wa shambani alimpiga teke la kichwa, akapofuka. Mtoto huyo alijifunza kupiga tres, gitaa dogo la Kuba lenye nyuzi zilizopangwa mbili mbili. Mwaka 1937 wimbo wake "Bruca Maniguá", unaosimulia mateso ya mtumwa na wenye maneno ya Kikongo ndani yake, ulimpa jina. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa na kundi lake mwenyewe. Aliongeza piano, tarumbeta kadhaa na ngoma ya konga, na muziki wa dansi wa Kuba ukabadilika kabisa. Watu walimwita kipofu wa ajabu.

Mwaka 1947 alisafiri hadi New York kumwona daktari bingwa wa macho. Alikwenda na tumaini lote ambalo mtu anaweza kulibeba. Daktari alimpima, akamwambia kwamba neva za macho zimekufa na hataona tena.

Ijumaa hiyo sikungoja mwisho wa mwezi. Nilifika Embu usiku, na asubuhi yake nikakaa karibu na kile kiti nikamsimulia baba habari hizo tangu mwanzo. Nilipofika kwa daktari wa New York niliona vidole vyake vimeacha kuchezea mkongojo.

"Alimwambia nini?" akaniuliza.

"Alivyokuambia wewe, baba."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Nje kuku walikuwa wakichakura chini ya mkahawa. "Halafu akafanya nini?"

"Alitunga wimbo. Aliuita 'Maisha ni Ndoto'. Mpaka leo unaimbwa."

"Hakurudi nyumbani kukaa?"

"Hakukaa. Alipiga muziki mpaka alipofariki, mwaka 1970."

Baba alihesabu kwa vidole, kama alivyozoea kuhesabu vifungo. "Yeye aliona miaka saba," akasema. "Mimi nimeona zaidi ya sabini."

Hakusema lingine, nami sikuthubutu kuongeza neno. Nilimwekea wimbo huo kwenye simu. Aliusikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniambia niurudie.

Usidhani, msomaji, kwamba alisimama siku ile akaanza kukimbia. La hasha. Wiki tatu baadaye mama alinipigia simu, na safari hii hakusema "amekula, amelala". Alisema, "Baba yako ameitisha kofia yake."

Alikuwa ametaka apelekwe barazani. Sasa huenda kila siku ya soko, akishikwa mkono na mjukuu. Hashoni. Cherehani ameikabidhi kwa msichana mmoja mwanagenzi, naye hukaa kando yake. Msichana akimaliza nguo humpa mzee, naye huipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, mshono kwa mshono. Akikuta kasoro husema, "Hapa. Fumua." Msichana ameniambia kwamba hajawahi kumpata amekosea. Na mchana jua likiwa kali, redio ndogo huwa imewashwa, na wateja husimuliwa habari za Salum wa Morogoro na za kipofu wa Kuba, watake wasitake.

Jambo moja limebaki, nalo ni zito kwangu kulisema. Daktari alikuwa ametuambia kwamba glakoma hupita katika ukoo, na kwamba watoto wa mgonjwa wapimwe mapema kwa sababu huanza bila maumivu. Nilimsikia vizuri. Kwa miaka miwili nilijifanya sikumsikia. Niliogopa kuambiwa yale aliyoambiwa baba. Siku chache baada ya kuona mzee amerudi barazani nilikwenda kupimwa. Presha ya macho yangu imepanda, ila neva bado ni nzima. Kila usiku natia matone, na nimewapeleka ndugu zangu wote. Arsenio hakupata nafasi hiyo, wala baba hakuipata.

Tumezoea kudhani kwamba habari za watu mashuhuri ni za kujibia mitihani: alizaliwa lini, alifanya nini, alikufa wapi. Arsenio Rodríguez alifia Los Angeles, wakati ambapo wengi waliocheza muziki alioujenga hawakulijua jina lake. Mbaraka Mwinshehe, mwana mwingine wa Morogoro, alifariki kwa ajali huku kwetu Mombasa mwaka 1979, na vijana wangapi wanaoimba nyimbo zake leo wanalijua hilo? Tunaupokea wimbo, mwimbaji tunamsahau. Kumbe aliyeimba alipita njia ile ile tunayoipita sisi, na pengine aliacha alama pale tulipokwama.

Kwa hiyo leo jioni, ukipata nafasi, vuta kigoda karibu na mzee wako. Usimwulize kama amekula. Mwulize alicheza wimbo gani alipokuwa kijana, na nani aliuimba. Andika jina atakalokutajia, kisha utafute maisha ya mtu huyo umrudishie. Na kama katika ukoo wenu kuna mtu mwenye presha ya macho, kapimwe wiki hii.