Plataea na swali moja

Jamani, kuna mji mmoja mdogo umeninyima usingizi wiki hii nzima. Unaitwa Plataea. Ulikuwa Ugiriki ya kale, chini ya mlima Cithaeron, jirani na mji mkubwa wa Thebes ambao siku zote ulitaka kuumeza. Ili usimezwe, ukajiunga na Athens.

Na walikuwa waaminifu hao watu! Mwaka 490 K.K. Waajemi walipotua Marathon, Waplataea walikwenda kupigana bega kwa bega na Waathene. Mwaka 479 K.K. Waajemi wakapigwa kwenye ardhi ya Plataea yenyewe. Wasparta waliokufa siku hiyo walizikwa pale pale, na kila mwaka Waplataea wakawa wanapeleka nguo na malimbuko ya mavuno makaburini kwao. Hayo makaburi yakumbukeni.

Halafu Wagiriki wakageukiana. Mwaka 431 K.K. watu wa Thebes waliingia Plataea usiku wakashindwa, na Waplataea wakaua mateka 180. Kwa hilo siwatetei. Miaka miwili baadaye Sparta ikaja kuuzingira mji. Athens ikawaambia kazeni, tutawasaidia kwa nguvu zetu zote. Msaada haukufika. Ndani walibaki wanaume 400, Waathene 80 na wanawake 110 wa kuwapikia.

Usiku mmoja wa mvua na baridi, 212 walitoroka kwa ngazi. Urefu wa ngazi waliupataje? Walihesabu matofali ya ukuta wa adui kwa mbali, watu wengi, tena na tena, ili hata wachache wakikosea wengi wapatie. Wenye akili zao!

Waliobaki njaa iliwashinda mwaka 427 K.K. Kamanda wa Sparta angeweza kuuteka mji kwa nguvu, lakini hakutaka. Alihofia kwamba siku ya amani pande zote zingetakiwa kurudisha miji iliyotekwa, wakati mji uliojisalimisha "kwa hiari" haurudishwi. Basi akawaahidi majaji. Wakaja watano kutoka Sparta. Hakuna shtaka lililosomwa, ni swali moja tu: katika vita hivi, mmewafanyia Wasparta na washirika wao jema gani?

Waplataea wakaomba kusema kwa kirefu. Wakataja Waajemi. Wakataja yale makaburi. Watu wa Thebes nao wakajibu. Kisha majaji wakaita mtu mmoja mmoja, swali lile lile. Hakuna. Anatolewa, anauawa. Anayefuata. Hakuna. Hawakupungua 200, pamoja na Waathene 25. Wanawake wakafanywa watumwa. Baadaye mji ukabomolewa, na juu ya misingi yake, kando ya hekalu la Hera, ikajengwa nyumba ya wageni.

Haya yote kayaandika Thucydides, na hapo ndipo aliponikamata. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa mtaa mmoja ambao wakazi wake walikuwa wanahamishwa. Nikamkuta mzee mmoja amekaa juu ya godoro nje. "Mzee shikamoo, una hati ya kiwanja? Ndiyo au hapana?" Akaanza kunieleza habari za marehemu baba yake na mwembe aliokuwa ameupanda pale. Nikamkatiza, chumba cha habari walikuwa wananisubiri. Ndiyo au hapana, mzee wangu?

"Hapana."

Habari ikatoka ukurasa wa tatu: wakazi wakiri hawana hati. Hakukuwa na neno la uongo ndani yake. Mhariri alinipongeza na mimi nilifurahi sana, niliikata nikaibandika ukutani.

Thucydides aliwapa Waplataea kurasa kadhaa za kujieleza, ingawa majaji walishaamua. Jana usiku nimelitafuta daftari langu la mwaka ule nikalipata. Kuna jina la mzee, kuna umri wake, kuna "hapana" niliyoipigia mstari mara mbili. Habari za mwembe sikuandika.