Safari ya Norwei na Mfuko Mdogo

Wengi wameniuliza, "Mwalimu, ulifikaje Norwei, nawe huna mali?" Nawajibu: nalihesabu kwanza. Fungu la ada ya shule nalimkabidhi mama watoto alitunze. Lililobaki ndilo la safari: nauli, malipo ya viza yuro 90, na bima ya ugonjwa iwezayo kulipa yuro zisizopungua 30,000.

Huko vyakula vya hotelini ni ghali mno, na vyumba vilevile. Basi nalinunua mkate na jibini dukani, nikanywa maji ya bombani, ambayo ni safi. Tena sheria ya mwaka 1957 yampa kila mtu, hata mgeni, ruhusa ya kupiga hema katika nyika isiyolimwa hata siku mbili bila malipo, mradi awe mita 150 mbali na nyumba za watu.

Karibu na Bergen mvua ilinyesha usiku kucha, hema ikalowa. Nikatamani kumpigia simu mama watoto anitumie sehemu ya lile fungu, nipate chumba. Nikasita, nikakunja hema, nikaendelea.

Nalirudi na senti chache, na ada ikalipwa yote. Atakaye kusafiri na asafiri, bali fedha ya nyumba na ibaki nyumbani.