Nani Analipa Franka Iliyokatwa?



Kila mara bajeti ya taifa inapojadiliwa, tunawasikia wakubwa wakishindana: hawa wanataka matumizi yapunguzwe, wale wanataka yasiguswe. Mashindano hayo si mambo ya wanasiasa peke yao. Katika bajeti taifa linaonyesha ni nani linayemjali kwanza, na kwa hiyo Mkristo anapaswa kuitazama kwa macho ya imani. Sisi Wakongo tuna somo kubwa juu ya jambo hili: historia ya shule zetu.

Katika miaka ya 1980, Serikali ya Zaire, ikiwa imelemewa na madeni, ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na kupunguza matumizi yake. Maelfu ya walimu waliondolewa kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei zilipopanda bila kikomo, mshahara wa mwalimu haukuweza tena kulisha nyumba yake. Ili shule zisifungwe, wazazi na viongozi wa shule, wa Kanisa wakiwemo, walipatana kwamba wazazi wamlipe mwalimu motisha. Sisi tuliosomea ualimu wakati ule tulijua mapema kwamba atakayetulipa ni mama anayeuza sombe sokoni.

Mapatano hayo yaliokoa shule nyingi. Lakini jambo la muda likawa desturi kwa zaidi ya miaka 25. Sehemu ya fedha za wazazi ikaanza kupanda ngazi mpaka maofisini, na ofisi za shule za Kanisa hazikubaki nje. Mtoto wa asiyelipa alifukuzwa darasani, na mara nyingi msichana ndiye aliyetangulia kubaki nyumbani.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilitangaza kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na bila malipo. Utekelezaji ulianza Septemba 2019, na madarasa yakajaa. Hata hivyo, walimu wengi tunaowaita N.U., ambao hawakuwa katika orodha ya mishahara, walipoteza motisha ya wazazi bila kupata ujira wa Serikali. Oktoba 2021, walimu wakiwa wamegoma, wanafunzi waliingia mpaka ndani ya jengo la Bunge huko Kinshasa wakidai masomo. Mwaka huohuo nchi ilibishana juu ya magari ya jeep yaliyotolewa kwa wabunge 500.

Tazameni mfuatano huo. Franka iliyokatwa haipotei; inabadilisha mlipaji tu. Serikali ilipoacha kulipa, alilipa mzazi. Mzazi alipopumzishwa, alilipa mwalimu kwa njaa yake. Mwalimu aliposhindwa, alilipa mtoto kwa siku zake za masomo. Kila mara mzigo ulishuka kwa yule mwenye sauti ndogo zaidi.

Kupunguza matumizi si dhambi. Nchi yenye vita haiwezi kutimiza yote, na baba mwenye busara naye hupunguza matumizi ya nyumba yake. Lakini baba huyo haanzi na sahani ya mtoto. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa kijamii wa 1891, alifundisha kwamba ujira wa haki ni deni, wala si huruma. Na Mtakatifu Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anatuonya kwamba ujira uliozuiliwa unamlilia Mungu.

Msiseme kwamba hayo yako mbali nanyi. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, aliyetangazwa Roma tarehe 15 Juni 2025, alikuwa mtumishi wa Serikali huko Goma. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Aliowalinda hawakumjua. Kesho baadhi yenu mtashika kalamu katika ofisi, shule au parokia. Jifunzeni sasa, katika sanduku dogo la kikundi chenu, kuuliza mbele ya kila franka: nani atalipa?

Kwa tafakari ya kikundi:
1. Katika shule ya parokia yetu, ni mzigo gani ulioshushwa juu ya watoto, na nani awasemee?
2. Sanduku letu linapopungua, tunaanza kukata wapi?