Tuta Lililotangulia Pipa

Pipa la kuzungusha, yaani pipa la plastiki au la bati linalolazwa juu ya fremu na kupitishiwa bomba la chuma katikati ili liweze kugeuzwa kwa mkono huku maganda, majivu na mabaki ya jikoni yakioza ndani yake, hutajwa leo katika mafunzo ya kilimo hai na katika video zinazosambazwa kwa simu kama njia mpya ya kutengeneza mboji nyumbani. Vijana wengi wa Mtowisa wanaoliona kwa mara ya kwanza huamini kwamba elimu ya mboji yenyewe imekuja pamoja na pipa hilo, na wapo wanaouliza kwa dhati kabisa ikiwa mboji yaweza kupatikana pasipo pipa. Swali hilo lingewashangaza babu zao walioishi juu ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kwa kuwa nyanda za Ufipa zililishwa kwa mboji kwa vizazi vingi, na mboji hiyo haikuwahi kuwekwa ndani ya chombo chochote.

Mtowisa iko bondeni, katika ufa wa Ziwa Rukwa, karibu mita 1,000 chini ya Sumbawanga, na mtu anayeteremka kutoka mjini huacha nyuma uwanda wenye nyasi na upepo wa baridi akaingia katika joto, udongo ulioletwa na mito kutoka ukingoni, mashamba ya mpunga na ufuta, na makundi ya ng'ombe. Kilimo cha tuta kilikuwa cha juu, wala si cha bondeni, na hili ni muhimu kulitambua mapema, kwa sababu sehemu ya usahaulifu unaolalamikiwa hapa inatokana na watu walioteremka kutafuta ardhi wakaiacha huko juu kazi waliyodhani hawataihitaji tena.

Tuta la Kifipa, ambalo kwa lugha ya wenyeji huitwa intumba, halifanani na tuta refu la viazi ambalo wengi hulifikiria wanaposikia neno hilo, bali ni kichuguu cha mviringo, chenye upana wa takriban mita moja, kinacholimwa kuelekea mwisho wa masika, mwezi Februari na Machi, wakati nyasi zingali mbichi na ardhi ingali laini. Mkulima hukusanya nyasi mahali pamoja, kisha kwa jembe la mkono hukata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake na kuyapindua juu ya rundo hilo, mizizi ikitazama juu na majani yakibaki ndani, mpaka nyasi zote zifunikwe pasionekane hata jani. Juu ya tuta hupandwa maharage, ambayo hupata unyevu wa mvua za mwisho na huvunwa mapema kiangazi, na tuta huachwa limesimama miezi yote ya ukame likioza ndani kwa ndani. Mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, tuta hupasuliwa na udongo wake kusambazwa, kisha ulezi humwagwa juu yake. Miaka inayofuata shamba hilohilo hupokea mahindi na maharage, na likichoka huachwa lipumzike, nyasi zirudi na kazi ianze upya.

Mpangilio huu una hekima ambayo vitabu vya kilimo huieleza kwa istilahi nzito, ingawa maana yake ni nyepesi. Nyasi mbichi zinapooza, vijidudu vinavyozila huhitaji nitrojeni, ambacho ni kirutubisho kinachoyapa majani rangi ya kijani, na kwa muda huinyang'anya mimea iliyo karibu. Ndiyo maana zao la kwanza lilikuwa maharage, ambayo mizizi yake hupata nitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria. Ulezi nao una mbegu ndogo mno, ambayo hushindwa kabisa na magugu ikiwa bado changa, na kule kuzikwa kwa nyasi miezi tisa kulikuwa ni palizi iliyofanywa kabla ya kupanda. Aidha, uwanda wa Ufipa una miti michache, hivyo Wafipa hawakuweza kuiga kilimo cha Wabemba wa Zambia, ambao hukata matawi, huyarundika na kuyachoma ili wapande kwenye majivu. Wamambwe, majirani walioko pande zote mbili za mpaka, waliwahi kufikia jibu lilelile la nyasi, nao huliita fundikila. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti wake Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu kuhusu dola za Wafipa mwaka 1981, aliyachukulia matuta haya kuwa miongoni mwa mambo yaliyouwezesha uwanda huo kulisha watu wengi pasipo kuhamahama. Ifahamike pia kwamba Albert Howard, Mwingereza anayetajwa kila mara kuwa baba wa mboji ya kisasa, aliitengeneza njia yake ya Indore kule India kati ya mwaka 1924 na 1931, kwa kuwatazama wakulima wa huko.

Wanaokumbuka msimu wa kupasua matuta hawaanzi na mavuno, huanza na harufu. Mvua mbili tatu za kwanza zikishanyesha, jembe likiingia kwenye tuta lililokaa kavu tangu Mei, hutoka harufu nzito ya udongo uliolowa, yenye kitu cha uyoga ndani yake, ambayo wataalamu huihusisha na bakteria wa udongo wanaotoa kemikali iitwayo jiosmini. Ndani ya tuta nyasi huwa hazionekani tena. Panakuwa na tabaka jeusi, laini, linalovunjika kwa vidole, lenye nyuzi chache za mizizi na minyoo iliyojikunja. Mkulima mzoefu alichukua konzi ya tabaka hilo akainusa kabla hata ya kuitazama, na kama ilinukia uchachu alijua kwamba nyasi zilifunikwa zikiwa nyingi mno au tuta lilituama maji, na kwamba ulezi wa mahali hapo ungetoka manjano. Hicho kilikuwa kipimo cha ubora, hakikugharimu senti, wala hakikuhitaji maabara. Siku za kulima matuta zenyewe zilikuwa siku za kushirikiana, mwenye shamba akipika pombe ya ulezi na majirani wakija na majembe yao, na kwa hiyo harufu ya udongo uliopinduliwa katika kumbukumbu za wazee haitengani na harufu ya kimea.

Ni vigumu kutaja mwaka ambao matuta yalianza kupungua. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikuwa kimeanza uzalishaji mwaka 1972, na mnamo miaka hiyohiyo kaya nyingi zilihamishiwa katika vijiji vipya, mbali na zilipokuwa. Lakini tarehe hizi, zikipangwa pamoja, hazielezi vya kutosha kwa nini mtu aliyelima matuta mwaka huu hakulima mwaka uliofuata. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni plau. Jembe la kukokotwa na ng'ombe hulima ekari kwa muda ambao mtu mwenye jembe la mkono angetumia kutengeneza matuta machache, na mkulima aliyetakiwa kuuza mahindi, zao ambalo serikali ililinunua na kulisafirisha, hakuwa na sababu ya kusubiri miezi tisa nyasi zioze huku mbolea ya chumvichumvi, yaani mbolea ya viwandani, ikimfikia kijijini kwa bei iliyopangwa kuwa moja nchi nzima.

Mbolea hiyo ilikuwa na mlango wake, nao ulikuwa duka. Katika maduka ya Mtowisa ya wakati huo lilikuwapo moja ambalo wateja wake wangeweza kulitambua wakiwa wamefumba macho, kwa sababu ya mchanganyiko wa mafuta ya taa, sabuni ya mche, samaki wakavu wa Ziwa Rukwa na ule ukali wa amonia unaotoka kwenye yurea iliyopata unyevu. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno machache aliyeweka gunia la kilo 50 karibu na mizani, akalikata mshono kwa wembe na kulikunja mdomo, kisha akauza kilo moja moja, kwa kuwa wanunuzi wengi hawakuwa na fedha ya gunia zima. Gunia lililo wazi huvuta unyevu wa hewa, hivyo kufikia Januari yurea yake iliganda mabonge, naye aliyavunja kwa jiwe la mizani pasipo kuomba radhi. Kwa kila mteja alitoa kizibo cha soda kutoka kwenye kopo, akakijaza kisawasawa kwa kukipangusa na kidole, akaeleza kwamba hicho ni kipimo cha shimo moja, yaani takriban gramu tano, na kwamba mbolea isigusane na mbegu wala na shina. Mafunzo yake hayakuzidi hapo, lakini yalikuwa sahihi, na wengi waliyapata kwake kabla ya kuyasikia kwa bwana shamba. Alikuwa na kasoro moja ambayo haikuwa yake peke yake: aliuza chakula cha mmea wa msimu mmoja, na hakuna aliyemuuliza udongo wenyewe ungekula nini.

Inaudhi kuona kwamba swali hilo halijaulizwa kwa sauti hata sasa. Ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati kiwanda cha Tanga nacho kimesimama. Vocha za pembejeo zikaja mwaka 2008 na kwisha miaka michache baadaye. Bei zikapanda dunia nzima mwaka 2021 na 2022, ruzuku ikarudi, safari hii kwa kuandikisha wakulima kwa njia ya kidijitali. Katika kila mzunguko mkulima alifundishwa namna ya kupata mbolea, si namna ya kuitengeneza. Mtowisa kwenyewe, ambako wafugaji wa Kisukuma wameleta ng'ombe wengi, samadi hulundikana mazizini mpaka ng'ombe wanasimama juu yake, na hatua chache kutoka hapo mtu huhesabu fedha za kununua kilo mbili za yurea. Jalala la nyumbani nalo, ambalo zamani lilikuwa majivu, maganda na mabua na ambalo maboga yaliota juu yake pasipo kupandwa, liligeuka kuwa rundo la mifuko ya rambo ambalo hakuna mwenye akili angelipeleka bustanini, hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019.

Hapo ndipo pipa linapata nafasi yake halali. Takataka za jikoni zimekuwa safi tena, viwanja vya mjini Sumbawanga ni vidogo, kuku na mbwa wa jirani hufukua rundo lililo wazi, na pipa lenye kifuniko, matundu ya hewa na bawaba imara, ambalo fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kulitengeneza, humaliza usumbufu huo. Kanuni zake ni zilezile za tuta: hewa, unyevu unaofanana na wa kitambaa kilichokamuliwa, na uwiano wa takriban sehemu 30 za kaboni, inayopatikana katika mabua, pumba na majani makavu, kwa sehemu moja ya nitrojeni, inayopatikana katika mboga, maganda na samadi. Pipa lisijazwe zaidi ya theluthi mbili, vinginevyo halichanganyiki, na ligeuzwe kila baada ya siku mbili au tatu. Maganda ya ndizi na mchicha vikitiwa peke yake hufanya mabonge yanayobingirika kama matofali ndani ya bati na kunuka kama matapishi, na dawa yake ni pumba au mabua yaliyokatwakatwa, si kuzungusha kwa bidii zaidi.

Wauzaji na wahubiri wa pipa, hata hivyo, hawasemi kwamba linatenda tofauti juu na chini ya ukingo. Rundo linalojipasha joto hadi nyuzi 55 au 60, kiwango kinachoua mbegu za magugu, huhitaji ukubwa wa karibu mita moja ya ujazo ili lisipoteze joto lake, ilhali pipa la lita 200 ni sehemu ya tano tu ya ujazo huo. Sumbawanga, katika baridi ya Juni na Julai, pipa hupoa kila usiku na kazi ya wiki chache huchukua miezi. Mtowisa, pipa jeusi lililoachwa juani hukauka mpaka kuoza kunasimama, kwa hiyo huwekwa kivulini na kunyunyiziwa maji. Hesabu yake ni fupi pia: pipa lililojazwa theluthi mbili, mali yake ikisinyaa kwa nusu, hutoa mboji ya kilo 40 hivi, na ekari moja ya mahindi iliyopangiwa tani mbili ingehitaji mapipa 50, pamoja na mtu wa kuibeba mboji hiyo hadi shambani. Tuta halikubebwa popote, kwa kuwa lilioza palepale zao litakapoota.

Pipa basi ni la bustani ya mchicha na miche ya nyanya, na kwa kazi hiyo linafaa. Shamba la uwandani linahitaji tuta, au samadi, au vyote viwili, na wazee wanaojua kulima tuta bado wapo vijijini Ufipa, japo hawaitwi kwenye mafunzo. Maofisa ugani wanaokusudia kuwapeleka vijana wakajifunze kwao wapange safari mwezi Februari, kwa sababu ikifika Juni nyasi zimekauka na ardhi haikubali jembe.