Ubeti wa tatu
Kila Desemba narudia “O Holy Night”. Placide Cappeau, mfanyabiashara wa mvinyo kusini mwa Ufaransa, alitunga shairi, Adolphe Adam akalitia muziki mwaka 1847. Binti zangu humfuata Mariah Carey, rekodi ya 1994, mpaka sauti ya juu inawakatika! Mimi ni wa Nat King Cole, yeye haharakishi.

Ila ubeti wa tatu, unaomwita mtumwa ndugu, Mariah hauimbi. Kwaya yetu iliuimba mwaka jana Mkunazini, katika kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Bibi wa bibi yangu aliuzwa pale. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Dada wa pembeni akanishika mkono, akaniimbia.