Dozi za Denmark

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Timbwani, Likoni. Kazi yetu ni kupita nyumba kwa nyumba, na mwaka 2021 tulikuwa tukipita na habari za chanjo ya korona. Maswali mengi yalikuwa mepesi. Ramadhani ilipoingia katikati ya Aprili, watu waliuliza kama sindano inafunguza. Mashekhe walishasema haifunguzi, na wenye wasiwasi niliwaambia wangoje siku wasiyofunga. Swali lililonisumbua zaidi lilikuja Juni.

Shehena ya kwanza ya AstraZeneca, zaidi ya dozi milioni moja, ilifika Nairobi tarehe 3 Machi. Mwisho wa mwezi huo wazee wa miaka 58 kwenda juu wakaruhusiwa, nasi tukawahimiza. Kisha India, ilikotengenezwa, ikazuia chanjo kutoka kwa sababu watu wake walikuwa wakifa kwa wingi. Dozi ya pili iliyokuwa baada ya wiki 8 ikasogezwa hadi wiki 12. Kuna kadi nilizoziona tarehe imekatwa kwa kalamu na nyingine kuandikwa pembeni. Kwa mzee aliyeitunza kadi yake ndani ya Msahafu, mkwaruzo ule si jambo dogo.

Juni zikaja dozi zaidi ya 350,000 za chanjo hiyohiyo, msaada kutoka Denmark. Mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, alikuwa kibarazani na redio yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akauliza: "Mwanangu, hawa Denmark si ndio walioikataa? Wameona waitupe kwetu?"

Karatasi tuliyopewa ya kujibia watu ilikuwa na majibu ya uvumi wa uzazi na wa mambo ya shetani. La Denmark halikuwemo. Tuliambiwa tuseme tu kwamba chanjo ni salama. Mimi nakataa kumjibu hivyo mtu aliyesikia habari kwa masikio yake.

Nikakaa, nikamwambia ni kweli. Denmark waliisimamisha Machi, Aprili wakaiacha kabisa, kwa sababu ya damu kuganda. Wao wenyewe walikadiria ni kama mtu mmoja katika kila 40,000. Lakini ugonjwa kwao ulikuwa umetulia, wazee wao wengi walishachanjwa, na walikuwa na chanjo nyingine za kutosha. Sisi hatukuwa na nyingine. Tena wengi waliopata shida hiyo walikuwa chini ya miaka 60, baada ya dozi ya kwanza. "Wewe, baba, umepita miaka hiyo, na ya kwanza ulishadungwa."

Mkewe akatoka jikoni akifuta mikono kwa leso. Naye akataka kujua dalili zenyewe. Nikamtajia: kichwa kikali kisichosikia dawa, macho kuona ukungu, pumzi kubana, tumbo kuuma mfululizo, mguu mmoja kuvimba. Zikitokea kati ya siku ya nne na wiki ya nne, ni hospitali moja kwa moja, usingoje kukuche. Homa na mkono kuuma siku mbili za mwanzo ni kawaida. Panadol na maji yanatosha. Akauliza kama hatapata mafua tena. Nikamwambia mafua atapata, na hata korona yaweza kumpata. Chanjo ni ya kumkinga asifike kwenye oksijeni. Barakoa ya kupandia feri ibaki palepale.

Walikwenda wote wawili. Jirani yao alikataa, nami sikumkera. Novemba serikali ilipotangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiyechanjwa hatahudumiwa katika ofisi zake, akakasirika zaidi, hata mlango akanifungia. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo, lakini kwangu mimi hasara ilikuwa imeshatokea. Kumrudisha katika mazungumzo kulichukua muda, na alikuja kuchanjwa kwa ile ya sindano moja, baada ya kuniuliza maswali yaleyale ya kibarazani.

Julai 2025 ilipokuja kampeni ya surua, rubela na homa ya matumbo, nilimkabili msimamizi wetu kabla sijavaa viatu: chanjo hii imetengenezwa wapi, nani ameinunua, kuna nchi imeiacha, na mtoto akizidiwa usiku apelekwe wapi? Akanijibu moja baada ya jingine, nikaandika daftarini, nikatoka.